SOMO LA UFUNDI: KILA CHUMA NA JINO LAKE

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo yafaa shambani, kwa kuwa humwonya mvivu atafutaye udhuru. Lakini katika karakana ya chuma haifai kufuatwa bila kufikiri. Huko fundi asiyechagua chombo chake hupoteza fedha, huharibu mali ya mwenye kazi, na pengine hupoteza jicho lake mwenyewe.

Somo hili lahusu chombo kidogo sana, nacho ni tupa izungukayo yenye kichwa cha kabidi. Siku hizi tupa hizi huonekana katika karakana za magari na pikipiki, kwa wachomeleaji wa milango na madirisha, kwa watengenezaji wa vinu vya posho, na hata kwa wachongaji wa vinyago. Tupa hiyo ina kichwa kilichojaa meno, ambacho mara nyingi hakizidi ncha ya kidole, nacho kimeungwa juu ya shina jembamba la feleji. Shina hubanwa katika mashine ndogo ishikwayo kwa mikono. Mashine ikiwashwa, kichwa huzunguka maelfu ya mara kwa dakika moja na meno yake hula chuma.

Kazi zake ni nyingi. Hupanua tundu lililokuwa dogo. Huondoa ncha kali zilizoachwa na msumeno. Hulainisha mshono wa kuchomelea. Huchimba mfereji juu ya ufa kabla ya ufa kuzibwa. Tena hufika pembeni na ndani ya mabomba, mahali ambapo tupa ya mkono na jiwe la grainda haviwezi kufika.

Mafundi wengi wakifika dukani huuliza, "Ipi iliyo kali zaidi?" Swali hilo si baya, ila si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: "Nitakata nini?" Aliyelishika jambo hilo moja ameshika nusu ya somo hili.

KABIDI NI KITU GANI?

Neno kabidi si geni kwa wachomeleaji. Wengi wayajua mawe ya kijivu ambayo yakitiwa maji hutoa gesi ya kuwashia moto mkali. Mawe hayo ni kabidi ya namna nyingine, wala siyo tunayoizungumza hapa. Kabidi ya chombo chetu ni mchanganyiko wa kaboni na tungsteni, yaani ile madini iliyotengenezewa nyuzi nyembamba za taa za umeme za zamani. Maji hayaiyeyushi wala hayatoi gesi kwayo.

Unga wa kabidi ya tungsteni huchanganywa na unga wa kobalti, hushindiliwa katika kalibu, kisha huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi karibu 1,400 za Selsiasi. Kobalti huyeyuka na kuzishikamanisha chembe za kabidi, kama saruji ishikamanishavyo kokoto. Baadaye meno huchongwa kwa gurudumu la almasi, kwa maana vitu viwezavyo kuikata kabidi ni vichache.

Maarifa haya yalitoka Ujerumani. Mwaka 1923 Karl Schröter, aliyefanya kazi katika kampuni ya taa ya Osram mjini Berlin, aliuandikisha uvumbuzi wake. Wakati ule nyuzi za taa zilivutwa kupitia matundu ya almasi, na almasi ilikuwa ghali mno. Ndipo kikatafutwa kitu kingine kigumu cha kushika mahali pake. Kampuni ya Krupp ilianza kuiuza kabidi hiyo mwaka 1926 kwa jina la Widia, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Madini yenyewe hayako mbali nasi. Tungsteni huchimbwa Rwanda, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hasa katika sehemu za Katanga ya zamani.

Jambo moja fundi hana budi kulikumbuka: kitu kigumu sana ni chepesi kuvunjika. Feleji ya kawaida ikipigwa hupinda, lakini kabidi ikipigwa humeguka kama kigae cha chungu. Kichwa kikianguka sakafuni chaweza kupoteza meno mawili matatu, na tangu hapo kitatetemeka kila kikizunguka. Basi ugumu wa kabidi haumwondolei fundi wajibu wa kuchagua na kutunza, bali wamzidishia.

MENO NA NAFASI KATI YAKE

Kila jino hufanya kazi kama patasi ndogo. Hukwangua chembe ya chuma, na chembe hiyo yahitaji mahali pa kukaa mpaka itupwe nje. Mahali penyewe ni mfereji ulio kati ya jino na jino. Mfereji ukijaa, meno hayaigusi kazi tena. Kichwa husugua tu, joto hupanda, na fundi asiyejua sababu huzidi kukandamiza. Hapo ndipo chombo kipya huharibika kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: kitu laini kinatacho chataka meno machache makubwa yenye mifereji mipana, kitu kigumu chataka meno mengi madogo. Mama anayemchana mtoto mwenye nywele nzito aijua kanuni hii. Chanuo lenye meno yaliyoachana hupita, na chanuo lenye meno yaliyosongamana hukwama.

Dukani utakuta aina nne zilizo kubwa.

Aina ya kwanza ni meno ya mkato mmoja. Meno yote hukizunguka kichwa yakielekea upande mmoja. Hula vizuri na kuacha uso laini, lakini chembe zake ni ndefu na kali kama sindano.

Aina ya pili ni meno ya mkato wa kupishana. Hapa pana misururu miwili ya meno inayokatana kama ukili wa mkeka. Chembe zake ni fupi, na mashine hutulia mkononi. Fundi awezaye kununua kichwa kimoja tu na anunue cha aina hii, maana hufaa kazi nyingi.

Aina ya tatu ni meno mapana ya alumini. Ni machache, nayo mifereji yake ni ya kina. Ukikitazama kichwa hiki kando ya vingine huwezi kukosea.

Aina ya nne ni meno madogo sana yaliyopishana, yafananayo na vito vidogo vilivyopangwa. Hufaa kwa vyuma vilivyotiwa ugumu na kwa kumalizia kazi. Huacha vumbi badala ya chembe ndefu.

KILA KITU NA CHAGUO LAKE

Feleji ya kawaida. Hii ndiyo ya mabomba, fito za milango, bamba na vyuma vya pembe. Tumia meno ya kupishana. Ukitaka uso laini zaidi mwishoni, malizia kwa mkato mmoja.

Feleji iliyotiwa ugumu. Mfano wake ni springi za gari na vyombo vya kukatia. Tumia meno madogo, mwendo uwe wa chini kuliko wa feleji ya kawaida, na mkono uwe mwepesi. Kama kichwa chateleza bila kula, acha. Chuma hicho chahitaji jiwe la kusagia au chombo cha almasi.

Chuma cha kusubu. Hiki ndicho cha magamba ya vinu, mashine za kushonea za zamani na sehemu nyingi za injini. Ni kikavu na hutoa unga mweusi. Meno ya kupishana hukikata bila taabu. Kwa kuwa hakipindi bali hupasuka, usikigongegonge kwa kichwa kinachozunguka.

Chuma kisichoshika kutu. Wengi hukosea hapa. Chuma hiki kikisuguliwa bila kukatwa, uso wake huzidi kuwa mgumu, na kila unapokawia ndivyo kazi inavyozidi kuwa nzito. Tumia kichwa kikali cha mkato mmoja au wa kupishana, punguza mwendo, na kila mguso uwe wa kukata kweli. Tena weka kichwa cha peke yake kwa chuma hiki. Kichwa kilichokata feleji ya kawaida huacha chembe zake juu ya chuma kisichoshika kutu, na chembe hizo hushika kutu. Mwenye tangi la maziwa akiona madoa mekundu atamlaumu fundi, naye atakuwa na haki.

Alumini na shaba nyekundu. Vyuma hivi ni laini, navyo hunata. Tumia meno mapana ya alumini. Ukitumia meno madogo, mifereji itajaa na kichwa kitakuwa kama kipande cha mshumaa, laini tena bila makali. Kabla ya kuanza, pakaza nta kidogo kwenye kichwa, kisha rudia kila baada ya muda. Nta huzuia alumini isishikamane na meno. Kichwa kikijaa, simamisha mashine, chomoa plagi, ndipo usafishe kwa burashi ya waya ya shaba.

Shaba ya manjano. Hii hukatika vipande vifupi, kwa hiyo meno ya mkato mmoja au ya kupishana huifaa.

Magnesi. Huonekana kama alumini lakini ni nyepesi zaidi. Gamba la injini ya gari la Volkswagen lile la umbo la kombamwiko lilitengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi. Chembe zake huweza kuwaka moto mkali mweupe. Usimwagie maji, kwa kuwa maji huuzidisha moto huo. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Kama hujui hakika ni chuma gani, usianze.

Mbao. Mti laini wataka meno makubwa sana yaliyoachana. Mpingo ni mti mzito hata huzama majini, nao hukubali meno yaliyo madogo kidogo. Meno ya kupishana yaliyosongamana hujaa unga mara moja na kuunguza mti. Ukisikia harufu ya moshi, hujakata bali umechoma. Wachongaji wa Wamunyu katika Ukambani walijenga sifa yao kwa tezo, patasi na kisu. Tupa izungukayo haichukui nafasi ya vyombo hivyo. Husaidia kufika penye matundu na mikunjo midogo. Unga wa mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua, basi ujikinge nao.

Mawe. Jiwe la sabuni la Tabaka, katika nchi ya Kisii, ni laini, na kabidi hulichonga kwa urahisi. Lakini mawe magumu, vioo na vigae vya sakafu si kazi ya kabidi. Hivyo vyataka kichwa kilichopakwa chembe za almasi. Jiwe likichongwa kwa chombo cha mkono, afadhali liloweshwe ili vumbi lisiruke. Ukitumia mashine ya umeme, usilete maji karibu nayo kamwe, maana stima na maji huua.

Plastiki. Tumia meno mapana na mwendo wa chini. Ukiharakisha, itayeyuka na kuzunguka kichwa kama uzi.

UMBO LA KICHWA

Baada ya kuchagua meno, chagua umbo. Kanuni yake ni nyepesi: umbo la kichwa lifanane na umbo unalotaka liachwe katika kazi.

Kichwa kama kipande cha gogo, chenye ubavu ulionyooka, ni cha kusawazisha uso na kona za mraba. Viko vya namna mbili, chenye meno hata kwenye kitako na kisicho nayo. Ukifanya kazi ndani ya shimo na hutaki kuichimba sakafu yake, chukua kile kisicho na meno kitakoni. Kichwa cha duara kama gololi huchimba bakuli na mifereji ya mviringo. Kichwa kama yai hulainisha mapindo ya ndani ya mabomba. Kichwa kilichochongoka kama ncha ya mkuki hufika penye pembe nyembamba na kufungua ufa. Kichwa kama pia hupanua mdomo wa tundu na kuondoa ncha kali. Kichwa kama ulimi wa moto ni cha mapindo marefu.

Mashina yaliyoenea ni ya milimita 3 na ya milimita 6. Shina jembamba ni la kazi ndogo za mkono mwepesi. Yako pia mashina marefu ya kufika mbali, lakini haya hupinda upesi. Mwenye shina refu na akiguse kichwa kwenye kazi kwanza, ndipo awashe mashine. Likizungushwa hewani kwa mwendo mkubwa laweza kupinda na kumpiga.

HESABU YA MWENDO

Watu husema mashine ikienda mbio sana kazi huisha upesi. Sivyo. Lililo muhimu si hesabu ya mizunguko peke yake, bali mwendo wa jino lenyewe linapopita juu ya chuma. Kichwa kikubwa kikizunguka mara moja, jino lake husafiri mbali kuliko jino la kichwa kidogo.

Hesabu yake ni hii. Chukua upana wa kichwa kwa milimita, zidisha kwa 3.14, zidisha tena kwa mizunguko ya dakika moja, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni mita ambazo jino husafiri kwa dakika.

Tuchukue kichwa cha milimita 12 kizungukacho mara 13,000 kwa dakika. 12 mara 3.14 ni 37.68. Zidisha kwa 13,000, gawanya kwa 1,000, utapata karibu mita 490. Sasa chukua kichwa cha milimita 6. Ili jino lake lisafiri mita zile zile 490, lazima kizunguke mara 26,000. Na kichwa cha milimita 3 chahitaji mara 52,000. Waona, basi, kichwa kikiwa kidogo mizunguko huongezeka, na kikiwa kikubwa hupungua.

Kwa feleji ya kawaida na chuma cha kusubu, mwendo wa mita 450 hadi 600 kwa dakika hufaa. Kwa chuma kisichoshika kutu na feleji iliyotiwa ugumu, tumia mita 250 hadi 350. Kwa alumini laini waweza kufika mita 600 hadi 900. Hata hivyo, usipite kamwe hesabu iliyoandikwa na mtengenezaji wa kichwa, wala ile iliyoandikwa juu ya mashine. Iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo sheria yako.

Hesabu hii yatuonyesha kwa nini kekee ya umeme haifai. Kekee nyingi huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika. Kichwa cha milimita 6 kikitiwa humo, jino lake husafiri mita 56 tu. Meno hukwama, huruka na kumeguka. Tena kekee imeundwa ili isukumwe mbele, siyo ubavuni. Vilevile usikibane kichwa hiki katika grainda kubwa ya sahani kwa kiungo cha kubuni, kwa kuwa kishikio kibovu kwa mwendo kama huo hutupa chuma kama risasi. Mashine ya haki ni grainda ndogo iliyonyooka, ya umeme au ya upepo, yenye kishikio kilichotengenezwa kwa ukubwa wa shina.

JINSI YA KUFANYA KAZI

Funga kazi katika jiliwa isicheze. Tia shina ndani ya kishikio kadiri liwezavyo kuingia, libaki fupi nje. Shika mashine kwa mikono miwili. Iwashe, ingoje ifikie mwendo wake, ndipo uguse kazi.

Usikandamize. Uzito wa mashine na mkono mwepesi vyatosha. Mwendo wa mashine ukishuka na sauti yake ikilia kwa uchungu, umekandamiza mno. Endesha kichwa daima, usikikawize mahali pamoja. Usikizamishe katika kazi zaidi ya thuluthi moja ya mzingo wake, maana kikikamatwa pande zote kitaruka au kitavunjika. Sogeza mashine upande wa kuyakabili meno. Ukifuata upande yanakokwenda, kichwa hupanda juu ya kazi na kukimbia.

Tazama shina. Likigeuka rangi ya buluu, joto limezidi. Kumbuka kwamba kichwa kimeunganishwa na shina kwa kulehemu, na joto huweza kulegeza kiungo hicho hata kichwa kikang'oka. Pumzika, kiache kipoe chenyewe. Usikitumbukize katika maji, kwa kuwa kabidi yenye moto ikipozwa ghafla hupasuka.

MACHO, MIKONO NA KIFUA

Hakuna kazi ya fedha yoyote iliyo sawa na jicho. Chembe za tupa hii ni nyembamba kama sindano, nazo huruka kila upande. Vaa miwani ya kukinga macho iliyofunika na pande zake. Miwani ya jua haitoshi. Aliye karibu nawe, na hata mteja aliyekuja kutazama, naye avae au asimame mbali.

Chembe ikiingia jichoni, usisugue. Usikubali rafiki aitoe kwa kijiti, uzi au ncha ya kitambaa. Funika jicho bila kulibana, uende hospitali siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua. Chembe iliyopita ndani ya jicho huenda isiume sana mwanzoni, kumbe yazidi kuliharibu.

Usizoe chembe kwa mkono wala kuzipuliza kwa kinywa au kwa bomba la upepo; tumia burashi. Usivae glavu zilizolegea, mikono mipana ya shati, tai wala mkufu. Mwenye nywele ndefu azifunge. Ziba masikio, kwa sababu sauti ya mashine hizi huyaharibu polepole. Kwa vumbi la jiwe, mbao na nyuzi za kioo, vaa barakoa ya vumbi iliyokaa vema usoni. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi jembamba. Wala usijaribu kunoa kichwa cha kabidi kwa jiwe la kawaida la karakana. Hakitanoleka, na vumbi la kabidi na kobalti hudhuru mapafu.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye karakana awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Basi kijana aombaye miwani haombi hisani. Naye akishapewa, wajibu wake ni kuivaa.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Kichwa cha kabidi kina bei, na fundi wa jua kali akikinunua hutoa fedha ambazo zingenunua unga wa nyumbani. Kwa hiyo na atazame kwanza. Je, meno yote ni mazima? Je, mwendo wa mwisho umeandikwa? Je, kiungo cha kichwa na shina kimejaa pande zote? Livingirishe shina juu ya kioo. Likirukaruka, limepinda, usilinunue.

Mafundi wanne wa Kamukunji au wa soko jingine lolote waweza kushirikiana, kila mmoja akanunua aina moja, wakaazimana. Lakini chombo kilichoazimwa kirudi kizima. Tengeneza kipande cha ubao chenye matundu, kila kichwa kikae katika tundu lake, maana vikitupwa pamoja katika kopo hugongana na kumeguka. Andika kando ya kila tundu: feleji, alumini, kisichoshika kutu. Kazi hiyo ya nusu saa itakulipa mara nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Vijana wajiandaao kwa mitihani ya ufundi ya NITA, na wengine wote, na wajaribu maswali haya kabla ya kusoma majibu.

1. Mwenye kinu cha posho ameleta gamba la chuma cha kusubu lenye ufa. Utatumia kichwa gani?
2. Tundu la alumini katika injini ya pikipiki lataka kupanuliwa. Una kichwa kipya cha meno madogo yaliyopishana. Je, kitafaa?
3. Una kichwa cha milimita 12, nacho chatakiwa kukata chuma kisichoshika kutu kwa mita 300 kwa dakika. Kizunguke mara ngapi?

Majibu:

1. Kichwa kilichochongoka chenye meno ya kupishana. Kwanza toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee mbele, kisha chimba mfereji juu yake mpaka ufa usionekane tena. Hapo gamba li tayari kwa mchomeleaji ajuaye chuma cha kusubu.
2. Hakitafaa, ijapokuwa ni kipya na kikali. Kitajaa alumini. Tafuta kile cha meno mapana, ukipakaze nta.
3. Zidisha 300 kwa 1,000, gawanya kwa 37.68. Jibu ni karibu mizunguko 8,000.

Aliyepata majibu yote matatu atakuwa ameona kwamba hakuna hata moja lililohitaji chombo cha bei kubwa kuliko vingine. Yote yalihitaji mtu akitazame chuma kwanza, akitambue, ndipo anyoshe mkono kuchukua chombo. Mkulima aweza kusamehewa kwa kulima na jembe lolote, lakini fundi wa chuma hujulikana kwa jino alilolichagua.